Zao la Tasa

Baridi ya Kutaisi mwaka ule ilikuwa na meno.
Umeme ulikuja kama mgeni mwenye haraka:
dakika kumi, kisha kwaheri.
Kwenye foleni ya mkate walituandika namba viganjani,
na shangazi Tsisana, mhasibu wa kiwanda kilichokufa,
akahesabu migongo iliyotutangulia:
makoti meusi, wima, kumi na moja,
11 111 111 111.
"Hii nayo ni namba," akasema. "Sijui inagawika kwa nini."

Usiku nilimshikia mshumaa.
Aliandika nyuma ya ankara za vipuri
vya malori ambayo hayataundwa tena.
Mbili haiingii. Tano haina haja ya kuulizwa.
Tatu: jumlisha tarakimu, toa, zinabaki mbili.
Saba: zinabaki mbili, tena zilezile, kama deni.
Kisha akanyamaza siku mbili nzima
mpaka akauona mlango wa uani:
kigawo chochote cha namba hii, kikiwa tasa,
ukikitoa moja, kitagawika kwa ishirini na mbili.
"Hatubishi hodi kila nyumba," akasema.
Ishirini na tatu. Sitini na saba.
Themanini na tisa. Mia moja tisini na tisa.
Hodi.
Hodi.
Hakuna mtu.

Niseme na lile ambalo jengo zima lililijua:
shangazi hakuzaa.
Guliko wa ghorofa ya pili alilitamka neno lenyewe ngazini,
tasa,
akidhani zege halina masikio.
Otari, mumewe, alivuka milima kutafuta kazi,
akatuma soksi za sufi,
halafu hakutuma kitu.

Mwishoni mwa Februari, nta ikinichuruzikia kidoleni,
akaandika 21 649.
Akagawanya polepole,
na safari hii hapakuwa na baki.
Sifuri ilikaa chini ya mstari kama sahani iliyooshwa.
Upande wa pili, mrefu kidogo: 513 239.
Nikauliza kama tuanze kuzigawanya na hizo.
"Za nini? Wadogo wote tumeshawabishia hodi,
hakuna aliyeitika. Hizi ni tasa."
Akalirudia, taratibu, kama anayelionja:
"Tasa wawili.
Na angalia zao lao. Foleni nzima."

Asubuhi akamweleza Guliko, tukipiga miguu chini tusigande.
"Inaliwa?" akauliza Guliko.
"Hailiwi."
Tukasogea hatua moja.
Kisha Guliko, sijui kwa nini,
akavua glavu, akakunjua kiganja,
wino umeanza kufifia: 91.
"Na mimi je?"
"Saba mara kumi na tatu," akajibu shangazi, hakufikiri hata kidogo.
Guliko akavifunga vidole juu ya namba ile,
akauweka mkono mfukoni.

Mkate siku hiyo uliishia themanini na nane.