Mgongo wa Kiyoyozi

Semboja kafunga kiyoyozi.
Uso uko chumbani kwake,
mgongo uko dirishani kwangu.

Akishajaza umeme wa elfu kumi
nasikia baridi yake ikikohoa uchochoroni,
na ukuta wangu unawaka usiku kucha
kama paji la mtoto mwenye homa.

Joto haliuawi. Huhamishwa.
Wa ghorofani kafunga viwili,
wa pembeni kaagiza,
na Barabara ya Kumi na Mbili
imesahau alfajiri ilivyokuwa ikipoa.

Nimechoka kugomba.
Beseni la unga wa mofa naliweka pale pale
linapopumua dude lake.
Saa tisa, umeshaumuka.

Asubuhi nampelekea mikate mitatu.
Anaipokea kajitanda shuka:
"Mbona ya moto hivi?"

Joto ni lako, Semboja.
Nakurudishia.