Foronya

Bando la usiku huwa rahisi ikipita saa tano,
basi mimi shule yangu huanza watu wakilala.
Cherehani naifunika shuka, nisiione ikinidai,
simu naiegemeza kwenye kopo la vifungo,
na mwalimu anatokea, nywele mbichi kama katoka kuoga sasa hivi,
ananisalimu kwa Kireno kama mtu anijuaye.

Hanijui. Hajui Kibokoni iko wapi,
wala kwamba nina miaka sitini na miwili
na meno matatu ya kununua.
Anasema *pão*. Mkate.
Namrudisha nyuma sekunde kumi, anasema tena.
Sauti inatakiwa ipande puani, izunguke, ishuke,
na pua yangu haijapata kutumwa kazi hiyo.
Pau. Paun. Pang'u.
Usiku wa tatu Bi Khultham wa ghorofa ya juu akagonga mlango
na birika la tangawizi mkononi:
"Shoga, mafua hayo mbona hayakutoki?"
Nikanywa. Ningemwambia nini?

Mimi herufi nilitiwa kwa bakora.
Huyu nikikosa hutabasamu,
nikipata hutabasamu vilevile,
na hiyo ndiyo ila yake.

Wiki ya pili likaja somo la vyombo vya nyumbani.
*Mesa*, akasema, akaipapasa meza.
*Copo. Caixa.*
Nikasimamisha picha.
Nikageuka, nikakitazama chumba changu
kama mgeni aliyeingia bila hodi:
meza, kopo, kasha la marehemu mama,
leso mbili kwenye kamba,
na kitandani foronya, dazeni nzima,
za kupeleka dukani kwa Hasanali asubuhi.
*Fronha*, akasema yule mwanamke nilipomwachia aendelee.

Kumbe.
Walitolewa Ngomeni kwa panga,
wakasahau kubeba meza yao.
Na neno lao la kanisa, kwetu ndilo gereza.
Nikacheka peke yangu, kisha kicheko kikanikauka,
maana kuta zile nazipita kila nikienda kununua uzi.

Hamjaniuliza najifunza kwa nini.
Mwanangu Twalib yuko Beira, mwaka wa tisa huu, anauza vipuri.
Kaoa huko, kazaa huko,
na mjukuu wangu Zuleika ana neno moja tu la Kiswahili, nalo ni "bibi".
Akishalisema, tunatazamana mpaka kioo kizime.

Ijumaa nikanunua bando la mchana, ghali kama nyama,
nikampigia mimi.
Nilikuwa nimeandika nyuma ya risiti, kwa herufi za kwangu:
leo nimeoka mkate, je, na wewe umekula mkate?
Nikasema. Pua ikafanya kazi yake, au nilidhani.
Mtoto akanyamaza, akamtazama babake,
akaangua kicheko akaanguka nje ya picha.
Nimeoka fimbo, kumbe.
Na nimemuuliza mjukuu wangu kama amekula fimbo.

Aliporudi macho yalikuwa yamelowa.
Akasogeza mdomo kwenye kioo hata nikaliona pengo la mbele,
akasema *pão*, polepole, akangoja.
Nikasema.
Akatikisa kichwa, akangoja.
Sikuwa na kitufe cha kumrudisha nyuma;
alijirudisha mwenyewe, mara tatu, mara sita,
na mara ya saba hakutabasamu tu, alipiga makofi,
akamwita mamake aje asikie.

Ndipo nikainua foronya.
*Fronha*, akasema, kama mtu asemaye jua ni jua.
La, nikamwambia. Fo-ro-nya.
Akajaribu, ulimi ukaruka pale katikati.
Tena, nikasema, wala uso sikuukunja.
Fo, akasema. Ro.
Bando likakata hapo,
mdomo wake umeganda kwenye kioo, wazi,
*nya* bado imo ndani.