Chikuchiku

Daktari kijana, mgeni kutoka Osaka,
ameinua shati la Bi Orie hadi mbavuni.
"Yauma vipi? Zukizuki, kama ngoma?
Shikushiku, kama mtu anayelia chumba cha pili?"
Nje theluji imefika nusu ya dirisha.
Bi Orie anayaonja maneno
kama aonjavyo chumvi ya kuvundikia figili.
Zukizuki, hapana.
Piripiri, labda,
ile ya ulimi uliokutana na pilipili.
Hapana.
"Chikuchiku," anasema, kisha anaona haya,
maana hilo ni neno la watoto.

Kwanza lilikuwa neno la sindano:
mama yake akishona viraka kando ya jiko la mkaa,
chikuchiku, chikuchiku,
uzi ukizama na kuibuka
bila kumdhuru mtu.

Kisha likawa la sufu.
Mwaka ule wa baridi kali alifuma sweta ya kijani,
siku arobaini, usiku tu, nyumba ikiwa imelala,
na Satoru, miaka sita,
akaivaa hatua tatu,
akaivulia mlangoni:
"Mama, chikuchiku!"
Shingo nyekundu. Sweta sakafuni.
Alimwambia neno moja tu, wala hakupaza sauti.

Shuleni mwalimu alibandika karatasi ukutani:
maneno laini huku,
maneno ya chikuchiku kule.
Kila mtoto aandike mfano wake.
Satoru aliandika, kwa herufi kubwa zilizopinda:
"Nilikesha kwa ajili yako."
Bi Orie aliusoma siku ya wazazi,
amesimama, mkoba ameukumbatia,
akamtabasamia mwalimu.

"Ni mkanda wa jeshi," daktari anasema.
"Uliugua tetekuwanga utotoni?
Basi haikuondoka. Ilijilaza kwenye mishipa ya fahamu
miaka yote hii, ikingoja uchoke."
Bi Orie anacheka
mpaka ubavu unamchonyota.
Daktari anatazama karatasi zake,
hajui amechekesha wapi.
Anaandika vidonge, anaandika marhamu.
"Na uvae pamba. Sufu, hapana kabisa."

Kwenye msumari, chini ya koti,
inaning'inia sweta ya kijani,
imefumuliwa na kufumwa upya mara mbili
hadi ikamtosha mtu mzima.
Mtu mzima yuko Nagoya, hupiga simu mwaka mpya.
Bi Orie anaivaa mwenyewe,
polepole,
mkono wa kushoto kwanza.