Dereva wa Lori la Maji

Lita elfu kumi mgongoni,
na lori langu limekwama ndani ya maji.
Cheka ukitaka. Hata mimi nilicheka,
nimekaa juu ya boneti, viatu mkononi,
barabara kuu ya Iztapalapa imegeuka mto wa rangi ya chai
unaobeba chupa, ndala, kiti cha saluni.

Kule juu mlimani mabomba yanakohoa upepo.
Wiki ya tatu sasa.
Wananingoja na ndoo zao.
Chini tunazama, juu wanakauka koo,
na mvua ni ile ile moja.

Jioni maji yakapungua, nikapanda.
Nikapiga honi kwa Hermelinda, nyumba ya mwisho,
mteja wangu wa miaka kumi na mmoja.
Akatoka bila ndoo, akifuta mikono:
"Leo hapana, Eleuterio. Njoo uone."

Paa lake limefagiliwa kama sebule.
Mfereji wa bati, bomba, chujio la wavu,
na pipa jeusi, refu kuliko marehemu mumewe.
"Mvua ya kwanza naimwaga," akasema,
"imeosha vumbi na mavi ya njiwa.
Ya pili pia. Ya tatu naikaribisha."
Akaligonga pipa kwa kifundo cha kidole,
akipanda, akisikiliza,
hadi sauti nzito ikawa nyepesi.
"Mpaka hapa. Yanatosha hadi Novemba."

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Mama huyu anayazoa
kabla hayajagusa ardhi.

Nikapiga hesabu, maana ndiyo kazi yangu.
Paa moja: safari mbili zimenipotea kila mwezi.
Paa mia: nauza lori.
Paa elfu: barabara ya chini haifuriki,
lori halikwami, kwa kuwa halipo.
Sikujua nicheke au nifanyeje.

Akanipa glasi, yamechemshwa, yamepoa.
Hayakuwa na ladha ya klorini,
wala ya kutu ya tangi langu.
Tukanyamaza tukiutazama mji,
taa zake zikiwaka pale palipokuwa ziwa.
Walilikausha zamani, wakajenga juu yake,
na kila Juni ziwa hurudi
kuulizia mahali pake.

Usiku, nyumbani, nikaegemeza ngazi ukutani.
Hatua saba kwa tisa, paa langu.
Mke wangu akachungulia na tochi:
"Umepoteza nini huko?"
"Shika mwanga vizuri," nikamwambia.
"Natafuta mteremko."