Asilimia Arobaini na Tatu

Kompyuta ya kituo cha afya pale Ndosho
niliijua kwa mlio: feni inakohoa
kama mtu aliyemeza vumbi jeusi la barabara yetu.
Mfumo wake endeshi uliachwa na waliouunda
mwaka ule Mumbere wangu alipoota meno.
Walitangaza: tangu leo, tundu likionekana,
hatuzibi tena.
Tangazo halikufika Ndosho.
Matundu yalifika.

Nikamwambia Mama Kavugho, mkunga na mtunza majina:
mashini hii inataka viraka.
Akacheka. "Kiraka ni cha suruali."
Basi ni suruali, mama, nikasema,
yenye mishono milioni hamsini.
Fundi gani hatarukisha hata mmoja?
Mshono ulioruka hauonekani mchana.
Huuona anayepapasa usiku, kwa kidole, bila haraka,
nguo isiyo yake.

Akatazama ukuta wa mawe ya volkano,
kila jiwe na vishimo vyake, pumzi za moto zilizoganda.
"Na huu je?"
Huu vishimo vyake haviendi popote.
Kile kimoja kinachotokea ng'ambo
ndicho kazi yangu.

Nikanunua megas kwa deni, kibandani kwa Bauma.
Tukakaa. Kumi na mbili. Ishirini na tisa.
Chumba cha pili mwanamke anasukuma,
kwangu mstari wa kijani unasukuma.
Arobaini na tatu,
kuranti ikakatika.
Mtoto akazaliwa kwa tochi ya simu.
Kiraka hakikuzaliwa.

Jumatano ikaja flashi ya picha za harusi:
keki, wajomba, bibi harusi akishika shela,
na kitu kingine kisicho na sura
kilichojua tundu letu lilipo.
Alhamisi majina elfu mbili ya watoto
yalikuwa herufi za wazimu,
na katikati ya kioo barua inadai fedha
isiyo na karatasi wala rangi,
ilipwe kwa mtu asiye na mlango wa kubisha.
Mama Kavugho akavaa miwani, akaisoma yote.
"Huyu anajua sisi ni watu wa Goma?"

Hajui. Hakutuchagua.
Hilo ndilo lililoniuma:
alipapasa dunia nzima
na kidole kikazama hapa.

Ningependa kusema nilishinda.
Nilifuta kila kitu, nikapanda mfumo mpya.
Mama akatoa kabatini madaftari ya kalamu ya bluu,
moja limeungua pembe,
akasoma, nikapiga:
Asifiwe, kilo tatu. Mapacha wa yule wa Mweso. Kanyere.
Kwenye mia tatu na tisa akasimama.
Panya walikula ukurasa.
"Hata daftari," akasema.
Hata daftari, mama.
Tukaacha mstari mtupu wenye namba, tukaendelea.

Jioni nikabandua kiooni kile kikaratasi cha nywila,
Volkano2002, kwa mwandiko mzuri wa kiwalimu.
Kesho yake nimekikuta kimerudi,
kwa gundi mpya.

Sasa hivi tuko asilimia sitini na moja.
Tafadhali, usiseme kwa sauti.
Kuranti ina masikio.