Upande wa Nyumba Tu

Aksel alipokufa, mkasi ulibaki msumarini
na ua ukajiendea.
Ukala ujia, ukala kamba ya kuanikia,
mwisho ukaua mwanga wa jikoni:
saa saba mchana Ragnhild
akawa anamenya viazi kwa taa.

Miaka tisa.

Mwezi wa pili, theluji ingali kwenye mifereji,
akatoka na msumeno wa marehemu,
na buti za marehemu, soksi mbili mbili zizijaze.
Mkasi aliuacha. Mkasi ni kinyozi,
na hapa palitakiwa mkata mifupa.

Upande wa nyumba tu, hadi shinani.
Upande wa barabara, mwakani.
Ndivyo Aksel alivyozoea kusema:
usiuvue mti nguo zote siku moja.

Majani ya mwaka jana, rangi ya chai kavu,
yalikuwa yameng'ang'ania matawini baridi yote.
Yakammwagikia shingoni.
Ndani akakuta kiota kitupu,
kibanio cha nguo,
na waya aliofunga Aksel walipohamia;
shina limeumeza,
ncha mbili tu zachungulia.
Hakuuvuta.

Jioni Thorkild, jirani, akashuka kwenye baiskeli.
Akatazama mashina, meupe, kama mbavu za ng'ombe aliyechunwa.
"Ua umeuua, Ragnhild."
Hakumjibu. Alikuwa akimtazama nywele:
lini zimekwisha vile?

Kesho yake mwanga ukaingia jikoni bila kubisha hodi,
ukaonyesha utando wa buibui, mafuta juu ya jiko,
na kalenda ya mwaka ule.

Machi, kimya.
Aprili, kimya. Kila asubuhi, kikombe mkononi,
alikwaruza gome kwa ukucha:
chini yake kijani, kibichi, kama tusi.
Akarudi ndani. Akatoka tena.

Mei tarehe kumi na mbili,
gotini mwa shina la tatu,
chipukizi limechongoka kama sindano ya kushonea magunia.
Kufika Jumapili hakuweza tena kuyahesabu.

Shina la saba halikuamka.
Paka wa Thorkild hupita pale,
na Thorkild ameshauliza mara mbili kama aje azibe.

"Acha kwanza," anasema Ragnhild,
akiupaka msumeno mafuta,
akitupia jicho upande wa barabara.