Kibao Chini ya Jeki

Tulikuwa tumelivuka daraja la Kafu,
nyuma yetu kliniki ya macho: nyumba nyeupe ya bati,
magurudumu mawili, pazia la maua dirishani,
nami naichungulia kwenye kioo cha pembeni
kama mtu anayebeba yai kwa kijiko.

Haikulipuka. Ilikohoa.
Usukani ukawa mzito, kisha mwepesi mno,
nyumba ikaanza kuyumbisha kiuno cha gari
kama mlevi amshikaye asiyetaka kucheza.

"Breki!" akapiga kelele Daktari Kabasomi.
Breki sikukanyaga.
Marehemu Odeke, aliyenifundisha kukokota tela za pamba,
alisema: kinachokufuata kwa kishindo
ukikisimamia ghafla kitakupanda mgongoni.
Nikainua mguu tu.
Mwendo ukafa wenyewe, taratibu,
kama redio inayoishiwa betri.

Nilivunja matawi, nikayalaza barabarani
hatua sitini nyuma, na sitini nyingine mbele.
Mawe mawili kwenye gurudumu zima.
Nyumba sikuifungua; iacheni imeshikwa na gari,
kilichojeruhiwa hakiachwi peke yake mteremkoni.
Nati nazo nikazilegeza mapema,
tairi likiwa bado limeikanyaga nchi,
moja ikagoma, nikaisimamia spana kwa miguu yote miwili,
Daktari akicheka kwa mara ya kwanza tangu Luweero.

Kisha jeki.
Kila nilipoipandisha, ardhi ilishuka.
Mvua ya jana ilikuwa bado imo udongoni,
chuma kikazama kama kijiko kwenye uji.

Akaja mtu wa makaa, baiskeli na magunia matatu,
akaiegemeza kwenye mti, akatutazama sana.
"Empaako yako?"
Nikamwambia sina, mimi mtoto wa Bweyale,
baba yangu alikuja kutoka Busia na cherehani.
"Mtu hasaidiwi bila jina la kuitwa kwa upole.
Mimi Akiiki. Wewe leo ni Abwooli.
Haya Abwooli, tafuta ubao."

Ubao haukuwepo, ila mmoja.
Daktari aliingia ndani, akakaa humo kitambo,
akatoka amekikumbatia kibao cha kupimia macho,
ile herufi ya meno matatu
inayotazama juu, chini, kushoto, kulia.
"Kilinunuliwa kwa mchango," akasema,
akakilaza matopeni kama mtoto.

Kikashika.
Nyumba ikapanda kidole, ikapanda kiganja.
Basi la Gulu likapita bila huruma,
upepo wake ukaitikisa juu ya kile chuma kimoja
na ndani miwani mia mbili ikagongana
kama meno ya mtu mwenye homa.
Hakuna aliyeweka mkono chini. Tulingoja itulie.
Ndipo spea ikaingia, nati kwa zamu,
si kwa duara bali kwa kuvukana,
moja ya hapa, moja ya ng'ambo yake.

Akiiki alikataa noti.
Akakubali kupimwa, papo hapo, kando ya barabara,
na ikagunduliwa kwamba anaona kuliko sisi sote.

Kigumba tulifika foleni ikiwa imekwisha kuketi.
Kibao kilioshwa, kikatundikwa,
lakini pale jeki ilipokaa
palibaki alama ya mviringo, imeuma mbao,
haifutiki kwa sabuni wala kwa kiroba.

Wa kwanza alikuwa mzee Nyakaisiki.
Akafunika jicho moja kwa kiganja.
Daktari akamuuliza meno ya herufi yanatazama wapi.
Bibi akanyamaza, akakunja uso.
"Meno siyaoni, mwanangu.
Naona kitu cha duara. Kimebeba mzigo mzito,
kisha kikaondoka."

Daktari akanigeukia mlangoni,
nikiwa na grisi hadi viwikoni.
Kalamu ilikawia hewani,
hajui aandike nini.